Niko Mtumba

Kwetu sisi wauza nguo, mwili ndio bango. Ukisimama mbele ya rundo la mtumba umevaa fulana iliyopauka, mteja anakupita kama hakukuona. Ukisimama umevaa blauzi ya hariri uliyoichomoa kwenye rundo hilohilo, anasimama, anakutazama juu mpaka chini, anauliza umeipata wapi, nawe unamwonyesha palepale miguuni: inama, dada, uchague. Ndiyo maana navaa vizuri. Watu hudhani anayevaa vizuri anazo. Mimi navaa vizuri kwa sababu sinazo, na siku nitakayoacha nitakosa hata hicho kidogo. Wateja wangu hulielewa jambo hili bila kuelezwa. Walioshindwa kulielewa ni watu wa nyumbani kwetu, na hilo limeniumiza kuliko hasara yoyote niliyowahi kula sokoni.

Nianze na kazi yenyewe, maana watu huidharau. Belo, lile robota la nguo, linapofunguliwa kwa mwenye mzigo, sisi wachuuzi tunakuwa tumeshalizunguka, na mikono inaingia kabla kamba hazijamalizika kukatwa. Hapo huna nafasi ya kutazama. Unashika. Vidole ndivyo vinavyokuambia kwamba hii ni pamba, hii ni nailoni itakayomtoa mtu jasho kwenye jua la Dodoma, hii ni sufu nzito, iweke pembeni ingoje upepo wa mwezi wa saba. Nikifika nyumbani naloweka kwenye maji ya chumvi ili rangi isikimbie na ile harufu ya belo itoke. Naanika kivulini, maana jua letu halina adabu, linakula rangi kwa mchana mmoja. Nina kopo la vifungo nilivyovikata kwenye nguo zilizoshindikana. Blauzi ya kawaida tu, ukiitoa vifungo vyake vilivyopasuka ukaiwekea vya koti la zamani, inageuka nguo ya mke wa mkurugenzi. Fundi cherehani aliye jirani yangu hubana kiuno na kupandisha pindo. Pasi ni ya mkaa. Na usivae rangi nyingi. Mbili zinatosha, ya tatu inakuumbua.

Nimepanga chumba Ihumwa. Kutoka chumbani mpaka lami ni vumbi tupu, kwa hiyo asubuhi natoka na malapa, viatu vimo mfukoni. Nikifika barabarani najifuta miguu kwa kitambaa na kuvaa. Pale kituoni husimama pia watumishi wa serikali wanaokwenda upande wa pili, Mtumba, kwenye maofisi mapya ya wizara. Wao wanaelekea mashariki, mimi naelekea mjini sokoni. Ukitutazama kwa mavazi hututofautishi, na baadhi yao nazitambua nguo kabla ya sura, kwa kuwa nimewauzia mwenyewe. Nilikuwa najichekea kwamba Mtumba inavaa mtumba. Niliuona utani mtamu sana, mpaka neno hilohilo liliponiletea balaa.

Nilipoanza biashara hii nilimpigia mama simu. Mama yuko kijijini, ng'ambo ya Buigiri, ndani kabisa ukiiacha barabara kuu, na huko mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu. Kiswahili chake ni cha kanisani na cha mnadani. Kigogo ndicho cha moyoni. Nilimwambia kwa furaha, "Mama, nimepata kazi. Siku hizi niko mtumba." Simu ikakatakata, ikarudi, nikasikia anapiga vigelegele. Nilishangaa. Nikawaza, huyu mama ana upendo gani, anashangilia mwanaye kuuza nguo kuukuu juani? Siku ile nilifanya kazi nikiwa na nguvu za ajabu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Nguo tunazoziita mtumba, watu wa umri wa mama waliziita kafaulaya, yaani mwenyewe kafa huko Ulaya ndipo nguo ikafika kwetu. Mpaka leo mama haziiti kwa jina jingine. Neno mtumba kwake lilikuwa limeingilia kwenye redio tu, na redio ilikuwa ikisema Mji wa Serikali, Mtumba, na watumishi wamehamia Mtumba. Nami mwanaye nimemwambia niko Mtumba, tena nakaa Ihumwa, jirani kabisa na huko. Angeelewaje vinginevyo? Alipoteremka kwenye kile kichuguu habari ilianza kutembea, na kabla ya jioni kila nyumba ilikuwa nayo.

Kwetu hakuna arusi isiyo na sare. Kamati inachagua kitenge, kila anayejiweza ananunua na kushona, na siku ya sherehe wenye sare wanaingia wakicheza na kukaa mbele. Wasio na sare wanajibanza nyuma, karibu na masufuria. Mama yangu alikaa karibu na masufuria maisha yake yote. Baba alifariki tukiwa wadogo, na kile alichopata mama kiliishia kwenye matumbo yetu. Hakutengwa. Walimpenda, walimwita kuja kupika, ila kitambaa hawakumwonyesha, wakisema wasimtie aibu. Huruma ya namna ile inachoma. Nikiwa mtoto nilimwona akigusa pindo la gauni la mwenzake, akasema "kizuri hiki," kisha akarudi kusonga ugali. Nadhani jicho langu la nguo lilifunguka siku ile, na lilifunguka kwa hasira.

Baada ya simu yangu walianza kumwonyesha kitambaa. Mara wakamwingiza kwenye kamati. Akawa anaitwa Mama Mtumba, anaulizwa kama rangi hii itakaa vizuri kwenye picha. Nami huku nyuma, bila kujua lolote, nilikuwa namtumia magauni niliyoyasafisha na kuyarekebisha kwa mkono wangu, mazuri kweli, na kila gauni likafika kama ushahidi.

Krismasi nikaenda kusalimia. Nilivaa suti ya kijani iliyoiva, koti na sketi, vitu viwili vilivyotoka kwenye mabelo mawili tofauti, nikavilinganisha mwenyewe mpaka ungedhani vilizaliwa pamoja. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba atutoke, alikuwa ameketi uani na wazee wenzake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mheshimiwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliagiza niletewe kiti chenye mgongo, akaniuliza niko wizara gani.

"Sipo wizarani, baba mdogo. Nauza nguo sokoni. Mtumba, hizi nguo za mtumba."

Alimgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mama aliitazama suti yangu. Hapo ndipo nilipoung'amua mkanganyiko wote. Nikashika kola yangu, nikasema, "Mama, kafaulaya. Hii niliyovaa ni kafaulaya."

Mama alinisogelea, akaishika ile kola, akaipitisha kati ya vidole. "Kafaulaya tulivaa sisi," akasema. "Ilinuka dawa, haina vifungo. Hii mwenyewe hajafa."

Uani pote wakaangua kicheko. Baba mdogo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa jambo zito. Kesho yake asubuhi habari ilikuwa imebadilika: mimi si mtumishi wa kawaida, mimi ni mtu wa usalama wa taifa, ndiyo maana nakana. Nilipoendelea kukana niliendelea kupandishwa cheo. Nilitaka kucheka, na ningecheka kama vijana wasingeanza kunifuata na vyeti vyao, na baba mdogo asingenivuta kando kuniomba mwanaye awe dereva hata wa gari dogo. Niliwaambia wote sina uwezo huo. Walinijibu kwa heshima, na mgongoni wakasema nimebadilika, nimeonja mshahara nimesahau uji wa uwele.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sipendi kuonewa. Nikaamua nitakaporudi nyumbani nitavaa wanavyotaka muuza nguo avae. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, nilikwenda na kitenge kilichopauka, malapa, na kilemba cha kitambaa cha kufutia vumbi. Niliona nimefanya akili nyingi. Mama alikuwa anapepeta mtama mbele ya mlango. Alinitazama kwa muda, hakunikaribisha.

"Kesho kanisani utavaa nini?"

"Hikihiki, mama. Ndicho nilicho nacho."

Aliweka ungo chini. Akazungumza Kigogo, sauti ya chini kabisa, ile ambayo hata tulipokuwa watoto tuliiogopa kuliko fimbo. "Watu wa mjini unawavalia vizuri," alisema. "Kwa mama yako unakuja na matambara, ili nisikuombe kitu. Nimekuomba nini mimi?"

Nililia palepale, nimesimama. Nikamweleza upya kila kitu, belo, maji ya chumvi, vifungo, jua, wateja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akafungua sanduku, akanitolea gauni nililomtumia mwenyewe ili nivae kanisani. Lilinipwaya. Nikalivaa.

Hayo yote ningeyavumilia. Baba mdogo ningemzoea, na vijana wa vyeti wangechoka. Ambaye sikuweza kuvumilia anikasirikie ni mdogo wangu wa mwisho, yule binti niliyembeba mgongoni mpaka watu wakaniita mama yake. Alikuwa amemaliza stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, yuko nyumbani anasubiri ajira, na kila siku anaambiwa, wewe una dada mlangoni kabisa, kwa nini unahangaika? Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Dada, hata kunisogezea barua yangu ya maombi huwezi?" Nilimjibu ukweli. Ili aamini nikajipiga picha sokoni, nguo zikining'inia nyuma yangu, nimevaa koti la rangi ya maziwa. Akajibu neno moja tu: "Umependeza."

Baada ya hapo nilipopiga simu iliita mpaka ikakata. Nikimtumia nguo alipokea na kuvaa, nilisikia kwa watu, ila kwangu hakusema kitu. Nilikuwa nakaa kwenye chumba changu Ihumwa nikishona vifungo, garimoshi linapita, na moyo unaniuma kweli. Mdogo wangu alikuwa ananitoka mikononi na sikuwa nimemkosea. Nilimwambia ukweli, na ukweli wenyewe ndio uliokuwa ukimfukuza. Kuna siku nilitamani kweli ningekuwa na kazi hiyo wanayosema, hata ya kufagia, ili nipate la kuomba radhi.

Mwaka huu, mchana mmoja wa jua kali, jina lake likatokea kwenye simu yangu. Nilipokea.

"Dada, niko Mtumba."

"Mtumba ipi?" Ndilo swali lililonitoka.

"Kwani ziko ngapi?" Sauti yake ilikuwa karibu na kilio. Alikuwa ametoka geti moja hadi jingine akiniulizia, na kila mlinzi alimwuliza dada yako yuko ofisi gani, naye hakuwa na la kujibu. "Mama kanituma," akasema. "Kasema nikuone kazini kwa macho yangu, nirudi nimwambie."

Nilimwambia apande gari la mjini, ashuke sokoni, aulize upande wa nguo za kike. Kisha akasema sawa.

Nilianza biashara na turubai chini, ila sasa nina meza, na wakati wa wateja huwa napanda juu yake ili nionekane. Alipofika nilikuwa huko juu, mkononi blauzi kama tano, naita watu wachague watoke wanang'ara. Nilimwona yeye kabla hajaniona. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, nililomtumia kwa ajili ya siku atakapoitwa kwenye usaili. Kola ilikuwa imepigwa pasi vizuri. Kuanzia magotini kushuka chini alikuwa vumbi, na vyeti vyake amevikumbatia kifuani. Kumbe alikuwa na matumaini mpaka mlango wa mwisho. Niliteremka, nikampa kigoda akae, nikamnunulia maji.

Wateja waliendelea kuja, na tumbo halisubiri, nikawa nahudumia huku namtupia jicho. Akaja mama mmoja wa ofisini, mteja wangu wa siku zote, akauliza, "Mrembo, lile koti langu umeniwekea?" Nikamtolea. Alipogeuka kuondoka akaliona gauni la mdogo wangu. "Na hili je? Limebaki lingine kama hili?"

"Lilikuwa moja tu," nikamjibu.

Mdogo wangu aliinama akalitazama gauni lake, pindo lake, kola yake, kama vile mtu mwingine ndiye aliyemvika. Akaanza kulia kimyakimya.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

"Ni kweli."

"Siku zote hizo, dada. Nami nikakununia."

Sitaficha: nilifurahi. Katikati ya kilio chake nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nilimkumbatia mbele ya watu, nikamwambia yamekwisha, nikamwambia hana kosa. Nikasema, "Sasa wewe ndiye utakayemwambia mama. Mimi haniamini. Wewe atakuamini."

Aliacha kulia. Alijifuta kwa kiganja, akatazama pembeni.

"Mtoto wa baba mdogo anaoa," akasema. "Mama ndiye mwenyekiti wa kamati ya sare. Wamempelekea vitambaa tangu wiki iliyopita. Hajachagua."

"Kwa nini hajachagua?"

Simu yake ikaita kabla hajanijibu. Alikuwa mama, juu ya kichuguu chake. Kwa kelele za sokoni ilibidi mdogo wangu aiweke sauti kubwa, tukainamisha vichwa wote wawili.

"Umemwona dada yako?" mama aliuliza kwa Kigogo.

"Nimemwona, mama."

"Kazini?"

"Kazini." Alinitazama usoni. "Ana meza yake mwenyewe. Watu wa maofisini wanamjia yeye. Amekuja mama mmoja mkubwa hapa, nimeona kwa macho yangu, dada ndiye aliyemhudumia."

Hakuna hata neno moja la uongo humo. Nilimshika mkono nikitaka aache. Badala ya kuacha alinisogezea simu, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nilisikia upepo wa kule, na mama akipenga kwenye khanga.

"Mwanangu, upo hapo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usikasirike kwamba nimemtuma mdogo wako kukuchunguza. Sikuwa nalala. Ulivyolia siku ile ulipokuja na yale matambara, niliona si kilio cha mtu anayeficha. Nikaanza kukuamini. Sikumwambia mtu." Akavuta pumzi. "Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba ni kweli unauza nguo, na mimi nimeshakaa mbele."

Mteja alikuwa ananivuta sketi akiuliza saizi. Kwa muda wote ule nilikuwa namwomba mama aniamini, kumbe alikuwa ameshaniamini, peke yake, na kuniamini huko kulikuwa kunamnyima usingizi.

"Usiogope, mama," nikamwambia. "Niko Mtumba. Chagua kitambaa."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumdanganya mama yangu, na aliniamini palepale.